Kifuniko cha Oili Kisipuuzwe

Kikundi kikinunua pikapu ya kubeba mboga na maziwa, watu huangalia matairi. Kifuniko cha oili juu ya injini husahauliwa. Kikipotea, dereva huziba tundu na kitambaa. Hiyo si dawa! Kitambaa chaweza kutumbukia ndani, na oili ikirukia ekzosi yenye moto yaweza kuwaka. Tena vumbi la barabara zetu za Mugutha likiingia kwenye oili husaga vyuma kama msasa.

Kabla ya kukifungua, zimeni injini, ipoe, halafu panguseni vumbi pande zote. Ringi ya mpira ikiwa imekauka au kupasuka, nunueni nyingine. Kazeni kwa mkono tu, si kwa spana.

Mkikuta utando mweupe kama mala chini ya kifuniko, msishtuke mara moja. Safari fupi za Ruiru asubuhi, baridi ya Julai, huacha unyevu kwa sababu injini haipati joto la kutosha. Panguseni, kisha gari liende safari ndefu kidogo. Lakini utando ukirudi na maji ya radieta yanapungua, au oili kwenye kijiti cha kupimia imekuwa kama chai ya maziwa, gari lisiwashwe tena. Huenda gasketi imeungua, na hiyo ni kazi ya fundi.