Usitume Doo Bado! Hivi Ndivyo Utajua Kama Saiti ya Tipsi za FPL Inafaa Kulipiwa

Kila Agosti ni ile ile. Mbogi inaanzisha ligi yake ya FPL, kila msee anaweka soo tano, na kabla hata mpira wa kwanza upigwe kuna mtu Telegram anakuambia ukimlipa atakupea timu ya kumaliza wote. Kwingine ni saiti kubwa za Uingereza, bei iko kwa pauni na inakatwa kwa kadi yako kila mwezi.

Kabla uingie M-Pesa, tulia kiasi. Kuna saiti za kulipia zenye zinafanya kazi safi, na kuna zingine ni kuuziwa mbuzi kwa gunia. Chanuka hivi.

Anza na hesabu ya mbogi

FPL yenyewe ni bure, na mshindi wa dunia nzima hupewa safari ya Uingereza kutazama mechi, sio mamilioni. Kwa hivyo doo yenye unaweza kurudisha ni ile ya ligi yenu tu.

Tuseme mko 20, kila mtu soo tano, mshindi anabeba zote. Hiyo ni thao kumi. Kama uko na nafasi sawa na wengine, thamani ya nafasi yako ni soo tano, ile ile uliweka. Sasa tuseme saiti inakuongezea nafasi mara mbili, na hiyo ni ahadi kubwa sana. Thamani inapanda hadi thao moja. Yaani umeongeza soo tano pekee.

Saiti ikikudai thao tatu kwa msimu, uko chini thao mbili na nusu kabla hata uchague kipa. Ukilipa juu unapenda kusoma uchambuzi, fiti, hiyo ni kama kulipia movie. Lakini usijiambie ni biashara.

Itisha timu yake, sio skrinshoti

Kila timu ya FPL iko na ukurasa wake ndani ya mchezo. Unaona pointi za kila wiki, uhamisho alioufanya, na nafasi aliyomaliza misimu iliyopita. Mwambie akutumie linki ya timu yake. Akianza kuzunguka mbuyu, hapo umejibiwa.

Skrinshoti haitoshi. Inaweza kuchezewa, na hata ikiwa ya ukweli, anakuonyesha wiki aliyobamba tu. Wengine wana timu kadhaa na wanapost ile imeweza.

Na wiki moja kali haimaanishi kitu. Mshambuliaji akifunga mabao matatu anapata pointi 12 za mabao, 2 za kucheza dakika 60, na bonasi inaweza kufika 3. Hizo ni 17, na ukimpa ukapteni ni 34. Mtu yeyote anaweza kuangukia hiyo siku moja.

Msimu wa 2024/25 kulikuwa na zaidi ya timu milioni 11. Kwa umati kama huo, lazima wasee wengine wamalize juu kwa bahati tu. Angalia misimu mitatu au minne. Akiwa anamaliza ndani ya laki ya kwanza kila mwaka, huyo anajua kitu.

Anakuambia nini hujui?

Msimu huo huo wa 2024/25, Mohamed Salah alimaliza na pointi 344, rekodi ya FPL kwa msimu mmoja. Mamilioni ya watu walikuwa naye. Sasa mtu akikuuzia tipsi ya "chukua Salah", amekuuzia maji ya mtaro.

App ya FPL yenyewe inakuonyesha bure nani ameumia na asilimia ya nafasi yake kucheza, ugumu wa mechi zinazokuja, na ni watu wangapi wako na kila mchezaji. Takwimu za nafasi za mabao ziko bure kwa Understat. Saiti ya kulipia inafaa ikuongezee kitu juu ya hizo: makadirio ya pointi za wiki kadhaa mbele, ama mpango wa lini utumie Wildcard, na sababu zake.

Mpime wiki tano bila kulipa

Wengi hutoa tipsi za bure ndio wakuvute. Ziandike kabla ya dedlaini, halafu zishindanishe na timu ya uvivu: kapteni ni yule ameshikwa na watu wengi, na hakuna uhamisho wa ziada. Kumbuka kila uhamisho wa ziada unakukata pointi 4, kwa hivyo akisema "toa watatu, ingiza watatu" na uko na mmoja wa bure, ameshakuweka chini pointi 8. Itoe kwa hesabu yake.

Angalia pia anapost lini. Dedlaini ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Jumamosi, mechi ya mapema ya Uingereza ikianza saa sita na nusu mchana huko, wewe unafungiwa saa saba mchana, na saa nane wakishabadilisha saa zao mwisho wa Oktoba. Makocha wengi huongea na wanahabari Alhamisi ama Ijumaa. Tipsi ya Jumatano yenye hairekebishwi ni kiporo.

Ukiona hizi, hepa

Anasema "guaranteed". Hakuna mtu anaweza kukuhakikishia mpira.

Anataka password yako ya FPL. Namba ya timu yako inatosha kwa yeyote anayetaka kuiangalia.

Anaanza na FPL, halafu anakupeleka kwa grupu ya "fixed match". Hapo anakuuzia ndoto, na doo ikienda hairudi.

Bei ya mwezi inajirudia na hakuna mahali pa kuisimamisha. Msimu unaisha Mei, kadi yako bado inakatwa Julai.

Saiti ikipita zote hizi, lipa mwezi mmoja tu kwanza, halafu linganisha pointi zako na za mbogi. Kama bado uko mkiani wiki nne baadaye, weka hiyo doo kando. Utaihitaji kulipia ligi ya mwaka ujao.