Kinundu shingoni: Maswali mawili, vipimo viwili

WAKAZI wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi wanaomwendea daktari kwa sababu ya uvimbe shingoni huwa na swali moja: je, ni saratani? Swali hilo ni la haki, ila hulifunika jingine lenye uzito uo huo: je, tezi yenyewe ingali inafanya kazi? Kinundu chaweza kuwapo na homoni zikawa sawa. Aidha, homoni zaweza kupungua mno pasi na uvimbe wowote. Kila swali lina kipimo chake, na kuyachanganya huwapotezea wagonjwa muda na fedha.

Tezi ya thairoidi ina umbo la kipepeo na imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Hutumia madini ya iodini kutengeneza homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili, hedhi na hata wepesi wa fikra. Zamani rovu lilikuwa jambo la kawaida katika sehemu za milimani, ambako mvua huosha iodini kutoka ardhini. Tangu 1978 sheria ya Kenya inataka chumvi itiwe iodini. Hata hivyo, chumvi haikumaliza vinundu, kwa kuwa si vyote viletwavyo na upungufu wa madini hayo.

Vinundu ni vingi kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa wanawake na kadiri umri unavyosonga. Kati ya 100 vinavyochunguzwa, vyenye saratani ni takriban 5 hadi 15. Kwanza hutazamwa kwa ultrasaundi. Kikitiliwa shaka, daktari hufyonza seli chache kwa sindano nyembamba. Wapo wanaoikwepa sindano hii kwa imani kwamba "huamsha" saratani. Imani hiyo ni ya hatari, kwani asiyepimwa aweza kupasuliwa bure, au kuacha saratani inayotibika ikikua. Sauti inayokwaruza bila kupona, ugumu wa kumeza, au donge gumu linalokua upesi ni mambo yasiyongoja.

Utendaji wa tezi hupimwa kwa damu. Kipimo cha kwanza, TSH, hakipimi homoni ya thairoidi, bali amri inayotoka katika tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Ni mithili ya msimamizi na kibarua: kibarua akizembea, msimamizi hupaza sauti. Ndiyo maana TSH ikipanda huashiria kwamba thairoidi imelegea, jambo linalowatatiza wengi wanaosoma karatasi ya majibu wenyewe. Katika maabara nyingi kiwango cha kawaida ni kati ya 0.4 na 4. Ikizidi, hupimwa pia homoni yenyewe, T4. Anayemeza vidonge vya biotini kwa ajili ya nywele na kucha amwambie daktari kabla ya kutolewa damu, maana vyaweza kupotosha majibu.

Ugumu ni kwamba dalili za upungufu hujificha. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kwenda Marikiti kununua mboga za kuuza Kayole hashangai akichoka. Akisikia baridi, akifunga choo, akinenepa, nywele zikikatika na hedhi ikiwa nzito, huambiwa ni upungufu wa damu, ni umri, au, la kusikitisha zaidi, ni uvivu. Kwa mjamzito, upungufu mkubwa usiotibiwa huweza kudhuru ukuaji wa ubongo wa mtoto.

Upasuaji hufanywa kukiwa na saratani au shaka kubwa ya saratani, rovu linapobana koo, au tezi inapotoa homoni kupita kiasi na tiba nyingine kutofaa. Kabla ya kutia sahihi, mgonjwa aulize: itatolewa nusu au yote? Akitolewa nusu, huenda asihitaji dawa. Aulize pia juu ya neva za sauti zipitazo nyuma ya tezi, na tezi nne ndogo zinazolinda kalsiamu. Ganzi midomoni na vidoleni baada ya upasuaji ni ishara ya kurudi hospitali mara moja. Isitoshe, kwa kuwa SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni busara kuthibitisha mapema gharama zinazolipwa.

Theodor Kocher wa Uswisi, aliyepata Tuzo ya Nobeli 1909 kwa kazi yake kuhusu tezi hii, alieleza mwaka wa 1883 jinsi wagonjwa aliowaondolea tezi nzima walivyovimba nyuso na kuzubaa. Wakati huo hapakuwa na dawa. Mwaka wa 1891, George Murray wa Uingereza alimtibu mwanamke kwa majimaji ya tezi ya kondoo. Leo ni tembe ndogo ya levothairoksini, lakini kanuni ni ile ile: aliyetolewa tezi yote huimeza kila siku maisha yake yote. Wapo wanaoiacha wakishajihisi wazima, pasipo kujua kwamba uzima huo umetokana na tembe yenyewe. Kwa kuwa homoni hupungua polepole, madhara hujitokeza baada ya majuma kadhaa, na mgonjwa hayahusishi tena na dawa aliyoacha.

Tembe hiyo humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya maziwa. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu vitengwe nayo kwa saa nne. Kipimo cha dozi kikibadilishwa, TSH hupimwa tena baada ya majuma sita hadi manane.