Sabufa Nyumbani: Kuiunga na Kuiweka Mahali Pake



Kila mwisho wa mwezi tunawaona ndugu wakirudi kambini kutoka mjini na boksi la sabufa kichwani. Baada ya wiki moja baadhi yao hutujia na malalamiko: muziki unavuma tu, maneno ya mwimbaji hayasikiki. Wanadhani wameuziwa mashine mbovu. Mara nyingi si mbovu, ila imewekwa vibaya.

Sabufa ni spika ya sauti nzito tu, yaani ngoma kubwa na gitaa la besi. Sauti hupimwa kwa hezi, maana yake mitetemo kwa sekunde moja. Sikio la mtu husikia tangu hezi 20 hivi hadi 20,000, na sabufa hufanya kazi huko chini, kati ya 20 na 120 hivi. Maneno ya wimbo ni kazi ya spika nyingine. Anayepandisha sabufa ili amsikie mwimbaji anajidanganya.

Sabufa nyingi zina kitufe cha kugawa sauti, ambacho mafundi hukiita krosova. Ukikiweka kwenye 80, sabufa inachukua sauti zilizo chini ya hapo. Anza na 80 kama spika zako ni za kadiri. Kama ni ndogo sana, panda hadi 100 au 120. Sauti nzito hivyo sikio halijui vizuri inatoka upande gani, kwa hiyo boksi laweza kukaa hata nyuma ya kiti.

Lakini si popote. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, na chumba cha kambi hakifiki hata nusu yake. Sauti inagonga ukuta na kurudi, inajikusanya kwenye kona na kupungua katikati. Katika ofisi ya tawi letu tuliiweka sabufa kwenye kona. Vikombe vikacheza kabatini, na waliokaa katikati hawakusikia besi. Fundi umeme mmoja wa kiwandani akafanya jambo lililotuchekesha: aliweka sabufa juu ya kiti cha katibu, akapiga wimbo wenye besi, kisha akatambaa sakafuni kando ya kuta akisikiliza. Pale besi iliposikika safi, ndipo tulipoihamishia sabufa.

Ipo pia swichi yenye 0 na 180. Keti mahali pako, mwenzako aijaribu huku na huku, nawe chagua upande wenye besi zaidi. Ikiwa kinyume, sabufa inasukuma hewa wakati spika nyingine zinaivuta. Waya zote ziungwe plagi ikiwa imetolewa.

Juu ya bei, msidanganywe na wati 10,000 za PMPO zilizochapwa kwenye boksi. Tazameni kibandiko cha umeme nyuma. Mashine inayokula wati 60 itatoa wapi maelfu? Ulizeni wati za RMS, na mkiambiwa hazijulikani, rudisheni mshahara mfukoni.

Sasa jirani. Sauti nzito hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba, na katika nyumba za layini ukuta ni mmoja kwa familia mbili. Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku alishindwa kulala mchana siku tatu mfululizo. Usiku wa nne alisinzia kando ya mkanda wa mashine, na mkono wake ulipona kwa bahati tu. Yeye na jirani yake walikuwa wameacha kusemezana. Tuliwaketisha, wakakubaliana kwamba tangu saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri sabufa inazimwa na spika ndogo zinaendelea. Wengine wamejaribu kuweka sponji chini ya boksi. Hupunguza mtikisiko wa sakafu kidogo, lakini sauti inayopita hewani haizuiliki kwa sponji.