Je, Inafaa Kubadilisha Prosesa ya Kompyuta Kongwe?

Katika mkutano wa idara uliofunga muhula uliopita, jambo lililotuchelewesha halikuwa mitihani wala ratiba bali kompyuta tatu za mezani. Kompyuta hizo ni za mwaka 2011, zilifika hapa Nkoma zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, na kila moja ina prosesa ya Intel Core i3-2100. Mmoja wetu alipendekeza tuzinunulie prosesa za Core i7-2600. Hoja yake ilieleweka upesi: i3 hiyo ina viini viwili, i7 ina vinne, basi kazi itakwenda mara mbili. Tatizo ni kwamba fungu la fedha lililokuwepo lilitengwa kwa ajili ya nakala za Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, ambazo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanazigombania maktabani. Ilikuwa ama kamusi ama prosesa.

Tuliahirisha uamuzi kwa majuma mawili ili tuchunguze. Tunayaandika hapa tuliyoyaona kwa sababu mashine za umri huo zingali nyingi mashuleni, na tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, wahitimu wetu wengi wanaandalia masomo yao juu ya mashine kama hizi. Swali hili litawafikia nao.

Kwanza neno lenyewe. Wanaistilahi wametupa "kichakataji", nalo ni neno zuri, lakini ukilitamka mbele ya fundi wa kompyuta mjini Mbale atakuangalia tu. Tutasema prosesa. Hiki ndicho kipande kinachotekeleza maagizo ya programu, moja baada ya jingine, mabilioni kwa sekunde. Kasi ya mapigo yake hupimwa kwa gigahezi. Viini ni watendaji waliomo ndani yake, kila mmoja akiweza kushika kazi yake. Prosesa haihifadhi kitu. Inachokifanyia kazi hukaa katika RAM, na kilichohifadhiwa kwa kudumu hukaa katika diski. Mtu anaposema "kompyuta yangu ni nzito", yawezekana mmoja tu kati ya hao watatu ndiye mzito, na wengine wawili wanamngoja.

Wasomaji waliosafiri kwa basi kutoka Mbale kwenda Kampala kabla ya mwaka 2018 watatuelewa haraka. Unapita Tirinyi, unafika Iganga bila shida, kisha unakaribia Jinja. Hapo barabara kuu ilivuka Nile juu ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo sasa linaitwa Nalubaale, na malori yote ya kutoka Malaba yalijipanga papo hapo pamoja na mabasi yetu. Mwenye basi akiweka injini yenye nguvu maradufu, alichopata ni kuwahi kufika kwenye foleni. Kilichobadilisha mambo ni daraja jipya la Chanzo cha Nile, lililofunguliwa Oktoba 2018. Mtaalamu wa Marekani Gene Amdahl aliliweka wazo la namna hii katika hesabu mwaka 1967, akizungumzia kompyuta: faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi haiwezi kuzidi muda ambao sehemu hiyo ilikuwa ikiutumia.

Chukua mfano wa kubuni. Unafungua faili na unangoja sekunde 60; katika hizo, prosesa inatumia 12 na diski 48. Ukiweka prosesa yenye kasi maradufu utangoja sekunde 54. Ukiiacha prosesa na kuweka diski yenye kasi mara nne, utangoja 24. Fedha ni ileile, pengine hata kidogo zaidi, lakini matokeo hayafanani hata kidogo.

Je, utajuaje foleni yako iko wapi? Katika Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha asilimia ya matumizi ya prosesa, kumbukumbu na diski. Siri ni kulitazama wakati mashine imekwama, si baada ya kutulia. Ikiwa diski iko asilimia 100 na prosesa iko 15, achana na prosesa. Ikiwa kumbukumbu imejaa, mashine inaanza kukopa nafasi katika diski, na diski ya zamani inayozunguka huweza kuruka huku na huko kusoma vipande mbalimbali kama mara mia moja tu kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida hufanya hivyo maelfu kwa maelfu.

Kuna mtego mmoja katika usomaji huo, nao ulitupotosha siku nzima. Prosesa ya i3-2100 ina viini viwili, lakini kila kiini hujionyesha kama viwili, hivyo Windows inahesabu vinne. Programu isiyojua kugawa kazi yake hushika kimoja tu, na dirisha linaonyesha asilimia 25, ukadhani prosesa imepumzika kumbe sehemu inayotumika imefika mwisho wake. Hata hivyo, katika hali hiyo kuongeza viini hakusaidii. Kinachosaidia ni kasi ya kiini kimoja, na hapa i7-2600 inapanda hadi gigahezi 3.8 dhidi ya 3.1 za i3-2100. Zote mbili ni za kizazi kimoja cha mwaka 2011, kwa hiyo kulinganisha mapigo yao ni haki: nyongeza ni kama sehemu moja ya tano. Ile "mara mbili" ya mkutanoni ni ya kazi zinazogawanyika vizuri tu.

Basi tukazikagua moja moja. Ya kwanza ni ya katibu muhtasi wetu, inayochapa mitihani. Ilichukua dakika kadhaa kuwaka, na kila mara alipokuwa na Word na kivinjari cha intaneti kwa pamoja ilisimama kabisa. Prosesa yake haikuvuka asilimia 30. Ilikuwa na RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka iliyokuwa inalia kama kinu. Hapakuwa na cha kujadili.

Ya pili ndiyo iliyotupa somo kubwa zaidi, kwa kuwa kazi yake ndiyo tunayoithamini kuliko zote: kuhamisha masimulizi ya wazee kutoka kwenye kaseti. Kaseti hizo zinazeeka, na nyingine tayari zinakwaruza. Aliyependekeza i7 alikuwa na mashine hii moyoni, akitaka kazi imalizike kabla utepe haujaharibika, na nia yake ilikuwa njema. Lakini kaseti ya dakika 60 husikilizwa kwa dakika 60. Prosesa yoyote duniani itaingoja. Kinachoweza kuharakisha kazi hiyo ni kuwa na kinasa cha pili na mwanafunzi wa pili. Prosesa inahitajika baadaye tu, wakati wa kusafisha kelele, nayo ni kazi tunayoiacha iende usiku, umeme ukiwepo.

Mashine hiyo hiyo ilikuwa inapunguza kasi kila ifikapo mchana. Fundi alipoifungua alikuta feni imefunikwa na vumbi jekundu mfano wa blanketi, na dawa ya kupitishia joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto, imekauka kama chokaa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo ili isiungue. Tulipiga brashi, tukapaka dawa mpya, na mwendo ukarudi. Kabla ya kununua chochote, jamani, fungueni sanduku.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa na haki ya kudai. Wanafunzi wa uzamili wanaitumia kwa mikutano ya video na wasimamizi walioko mbali, na mmoja wao anajaribu programu za kugeuza sauti kuwa maandishi. Picha za video na utambuzi wa sauti huipa prosesa kazi nzito, nayo kazi hiyo hugawanyika vizuri kati ya viini. Tulipoitazama wakati wa mkutano ilikuwa asilimia 95 na zaidi, huku RAM na diski zikiwa na nafasi. Hapo prosesa ndiyo daraja la Jinja.

Lakini kujua kwamba prosesa inahitajika si kujua kwamba prosesa fulani itakubaliwa. Mwenzetu mmoja, kabla uchunguzi haujakwisha, alikuwa Kampala na akanunua kwa fedha zake Core i5-3470 ya mtumba, kwa kuwa ni ya mwaka 2012, mpya kidogo, na ilikuwa rahisi. Ikaingia katika soketi sawasawa. Tukawasha, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Soketi ya aina 1155 ilitumiwa na kizazi cha pili na cha tatu cha Intel, ila bodi yetu ina chipu ya Q65, ambayo ni ya kizazi cha pili peke yake. Muuzaji hakudanganya, sisi ndio hatukuuliza. Andika aina kamili ya mashine yako, tafuta orodha ya prosesa zinazokubaliwa na mtengenezaji wake, ndipo utoke na fedha. Angalia pia wati: i3-2100 imewekewa kikomo cha wati 65 na i7-2600 wati 95, kwa hiyo kipoza joto chembamba cha ile ya zamani huenda kisitoshe, na betri ya akiba itaisha mapema zaidi umeme ukikatika.

Liko na suala la umri ambalo prosesa ya soketi ileile hailitatui. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa sehemu kubwa inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, yaani ya kuanzia mwaka 2017, au mpya zaidi. Ukitoka i3 ya kizazi cha pili kwenda i7 ya kizazi cha pili, bado uko nje ya mlango huo. Kwa sababu hiyo mashine mbili tumezihamishia Linux, na LibreOffice inatutosha kwa mitihani. Wakongwe wa idara walikumbusha kwamba hili si geni katika taaluma yetu: mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na baadhi ya istilahi tunazofundisha leo zilijadiliwa huko.

Hapa ndipo hesabu ya fedha inapobadilika. SSD unayonunua leo utaihamishia kwenye mashine utakayopata baadaye. RAM ya DDR3 haihamishiki kwenda kwenye mashine za kisasa, ila bei yake ni ndogo na ahueni yake inaonekana siku hiyohiyo. Prosesa ya soketi 1155 itafia humo humo. Sisi tumejiwekea kanuni, nayo ni ya kwetu tu, wala haikutoka kitabuni: jumlisha bei ya prosesa, dawa, kipoza joto, fundi na nauli, uliza pia bei ya mashine nzima ya mtumba yenye prosesa ya kizazi cha nane, jumla ya kwanza ikifika theluthi ya ya pili, usibadilishe prosesa, anza kuweka akiba. Kwa mashine mbili za kwanza hatukuhitaji hata kufika kwenye hesabu hiyo.

Uamuzi ukawa huu. Mashine ya katibu muhtasi imepata SSD na RAM ya gigabaiti 8, ya kaseti imepata SSD na usafi. Ya tatu tuliipatia i7-2600 bila kununua: ofisi jirani ilikuwa na mashine ya aina ileile iliyokufa bodi, nao wakaturuhusu kuing'oa prosesa pamoja na kipoza joto chake. Mikutano ya video sasa haikatiki kwa sababu yetu, ingawa kugeuza sauti kuwa maandishi bado ni pole pole, maana programu hizo zinanufaika na maagizo yaliyoingia katika prosesa za Intel kuanzia kizazi cha mwaka 2013. Kazi hiyo itasubiri mashine nyingine.

Agizo la kamusi limekwenda, pungufu ya nakala chache tu. Ile i5-3470 bado imo ndani ya droo ya mwenzetu, ni nzima. Mwalimu yeyote wa Mbale au Jinja mwenye bodi inayoikubali apite idarani, aje na aina ya mashine yake ikiwa imeandikwa kwenye karatasi.