KWA NINI MACHOZI YA MWENZAKO YANAKUGUSA

Umewahi kuingia kwa jirani ukamkuta analia, na koo lako likakaba kabla hata hujajua kilichotokea? Huo si udhaifu. Ni kazi ya ubongo.

Ubongo husoma machozi upesi sana. Watafiti wa Uholanzi waliwaonyesha watu picha za nyuso, nyingine zenye machozi na nyingine hazina, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Zenye machozi ndizo zilizotambuliwa haraka kuwa na huzuni, tena za watu wanaohitaji msaada. Utafiti mwingine wa mwaka 2021, katika nchi 41, ulionyesha kuwa watu wakiona machozi hupenda kusaidia zaidi.

Lakini kuna jambo la pili. Mwaka 2004 huko London, wanawake 16 walipigwa picha za ubongo wakati wapenzi wao wakichomwa na umeme kidogo mkononi. Sehemu iitwayo insula, iliyojificha ndani ya ubongo, iliamka kwa mwanamke kama vile ameumizwa yeye. Sehemu inayojua ni wapi mwilini panauma haikuamka. Maana yake, mkono wako hauumi, lakini uchungu unaupata.

Ndiyo sababu tunasema haraka, "Nyamaza, nyamaza." Tunataka uchungu wetu wenyewe uishe. Mwaka wangu wa kwanza wa kujitolea hapa Oruchinga, nilimtembelea mama aliyefiwa na mtoto. Alipoanza kulia nikamwambia, "Mama, nyamaza, Mungu yupo," nikaaga kwamba nina nyumba nyingine za kutembelea. Sikuwa nazo. Wiki iliyofuata alinipokea mlangoni: "Mambo yako sawa, mwanangu." Hakunikaribisha ndani. Ilinichukua miezi kukalishwa tena.

Kwa wanaume ni vigumu zaidi. Wazee wetu wa Rwanda na Burundi husema machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni. Baba akilia mbele yako, ujue amefika mbali.

Basi ufanye nini? Kaa chini, usawa na yeye. Usimkimbize kwa maswali. Mwache alie. Kama desturi yao inaruhusu, mshike mkono; kama huna hakika, usimshike. Ndani ya moyo wako usijiulize "ningekuwa mimi ingekuwaje", bali mtakie nafuu. Watafiti wa Ulaya waliona kwamba waliozoezwa kubeba uchungu wa wengine waliumia, na walipozoezwa kuwatakia mema walipata nguvu, na sehemu nyingine za ubongo zikafanya kazi.

Usiseme hii ni kazi ya madaktari tu. Jirani zetu wa Nakivale walishafanya: katika utafiti uliotolewa mwaka 2008, wakimbizi wa kawaida walifundishwa wiki 6, wakawasikiliza wakimbizi wenzao wa Rwanda na Somalia waliosumbuliwa na kumbukumbu za vita. Waliosaidiwa walipata nafuu kuliko wale waliofuatiliwa tu.

Ila mtu akilia karibu kila siku kwa wiki mbili, halali, hali, au anasema heri afe, usibaki naye peke yako. Mlete kituo cha afya siku hiyohiyo, au umwite mhudumu wa kijiji chako. Ikibidi atapelekwa hospitali ya rufaa ya Mbarara, ambako kuna wodi ya afya ya akili.