Boti Haifiki kwa Trela Bovu

Mto Tana unapofurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023, barabara za Garsen hukatika, na boti huwa ndiyo njia ya mgonjwa, mja mzito na unga wa nyumbani. Lakini boti nayo hufikishwa ukingoni kwa trela. Trela ikiharibika, walio ng'ambo hubaki wakingoja.

Adui wa kwanza ni maji yenyewe. Gurudumu litokapo safarini huwa na moto. Likizamishwa papo hapo, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji hadi kwenye beringi. Grisi huharibika, kutu huingia, ekseli ikaumia. Basi gurudumu lipoe kwanza, kisha beringi zikaguliwe na kutiwa grisi mpya. Breki zisuuzwe kwa maji safi, hasa trela ikitoka Kipini penye maji ya chumvi. Tairi nazo huzeeshwa na jua: zikifanya nyufa ubavuni zisitumiwe, hata kama meno yake ni mazima.

Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Kina mama mlio katika kamati za vijiji, ulizieni hali ya trela sasa, mto ungali umetulia.