Utendaji wa Ateri na Hatari ya Kiharusi Jijini Dar es Salaam
Makala hii inafafanua uhusiano kati ya utendaji wa ateri na kiharusi. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 ulibaini, baada ya kusawazisha umri, visa vipya 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka jijini Dar es Salaam, na 108.6 wilayani Hai. Utando wa ndani wa ateri huzalisha nitriki oksaidi inayotanua mshipa. Shinikizo la juu la damu huudhoofisha utando huo bila maumivu. Udhaifu huo hupimwa kwa kubana mkono dakika 5, kisha kuangalia kwa ultrasaundi jinsi ateri inavyotanuka damu inaporejea. Kwa kuwa kipimo hicho huhitaji mashine na mtaalamu, kinafaa zaidi utafiti. Kwa wakazi wa Kinondoni na Temeke, kinga huanza kwa kupima shinikizo la damu mapema katika zahanati.